Barua ya mwalimu: "wallyeok" ni nini?

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.
Mmoja wa mapacha wangu, darasa la nne, karudi na barua ya mwalimu. Simu inatafsiri "amemshambulia mwenzake kwa nguvu za kimwili". Mwenyewe anasema kamnyang'anya mwenziwe mpira basi. Neno lenyewe la Kikorea ni 완력 (wallyeok). Baba yao anataka tutafute wakili.
Mama Mapacha, Ansan, Korea Kusini

---

Dada, pesa za wakili zishike kwanza. Neno hilo lina asili ya Kichina: 腕 mkono, 力 nguvu. Usisome "wan-ryeok", n na r hapo hugeuka l mbili, wallyeok. Mtu akiambiwa "wallyeogi seda" ana nguvu za mkono, wala si tusi. Ila "wallyeogeuro" ni pale unapoacha kusema ukavuta, ukasukuma, ukapokonya. Mimi ningetafsiri "kwa mabavu". Sisi nguvu tumeziweka mbavuni, wao mkononi.

La kuogopa ni 폭력, yaani ukatili, linalotamkwa pongnyeok. Ukiona "hakgyo pongnyeok", ukatili wa shuleni, au kwa kifupi hakpok, hapo pana sheria maalumu ya shule tangu 2004, na ngumi si lazima iwepo. Kutukana, kumtenga mwenzio, kumwandama mtandaoni, vyote vimo. Hata kumtuma mtu kwa lazima! Nilipofika hapo nilicheka, maana kwetu utoto wote niliumaliza nikitumwa dukani na kaka zangu.
Tazama barua tena. Pongnyeok haipo? Basi mwalimu analalamika, hajashtaki.
Mjomba, Daegu

---

Mjomba kasema, ila Mama Mapacha usikae kimya, mjibu mwalimu leo leo. Siku mtoto wako akiwa ndiye anayeonewa, namba ya hakpok ni 117.
Na wageni msichanganye wallyeok na cheryeok (체력). Hiyo 력 ni ileile, nguvu, lakini hapo ni ustahimilivu wa mwili. Msimamizi wa kiwanda akikuuliza cheryeok yako, anataka kujua kama utahimili zamu ya usiku, hatafuti ugomvi. Mimi siku ya kwanza nilikunja mikono ya shati.
Wenu, Gimhae

---

Asanteni wapendwa. Nimesoma neno kwa neno, pongnyeok haimo. Baba yao katulia. Kesho naenda shule na mtoto, na mpira wa watu mkononi.
Mama Mapacha