Neno "kaka" huko kwingine lina maana gani?

mdadisi_wa_lugha:
Wakuu habarini. Kuna jamaa wa Uhispania nacheza naye gemu mtandaoni, kila nikimwita kaka anacheka tu, leo ndo kaniambia kwao caca ni mavi, tena ndo neno la kitoto kabisa 😂 Mimi namheshimu mtu kumbe namtukana. Sasa huko kwingine likoje, na hii ni bahati tu au kuna sababu?

bi_kamusi:
Hahaha pole. Mfaransa naye atacheka hivyohivyo, na Mrusi anamwambia mwanawe "kaka" akimaanisha uchafu huohuo. Kwa hao si bahati, Kilatini kilikuwa na cacare, yaani kunya, na lugha nyingi za Ulaya ni za ukoo mmoja kwahiyo neno limerithiwa. Ila kwa Waswidi kaka ni keki au biskuti, hata vile vidakuzi vya kwenye tovuti wanaviita kakor. Wafini ndo uwe makini nao: kakku ni keki, kakka ni mavi, ukiteleza irabu ya mwisho kwenye besdei ya mtu imekula kwako.

Mzururaji:
Ukielekea mashariki ndo unakuta undugu. Kikurdi, kak au kaka ni kaka mkubwa, na mwanaume yeyote unayemheshimu unamwita hivyo, yaani kama sisi tu. Kigujarati na Kimarathi kaka ni ndugu wa kiume wa baba, Kipashto vilevile. Kihausa wanapanda ngazi nyingine, kaka ni babu au bibi.

bi_kamusi:
@Mzururaji safi, ila watu wasikimbilie kusema wote hao tumetoka tumbo moja. Silabi ikirudiwarudiwa ndo mdomo wa mtoto unavyoanza kazi, mama, baba, dada, tata, halafu wakubwa wanaokota hizo sauti wanazipa maana wanayotaka wao. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandikia hilo mwaka 1960. Angalia Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, "mama" ni baba mzazi na mama mzazi anaitwa deda, nani kakosea hapo? Na Wamaori wa New Zealand kākā ni kasuku, yule kākāpō asiyeruka ni "kasuku wa usiku", undugu na sisi uko wapi?

kijana_wa_zamani:
Mnazunguka dunia nzima mnasahau Kiswahili chenyewe. Kaka ni ganda tupu la yai, na kaka pia ni ule uvimbe wa kwenye kidole karibu na kucha, ukikupata usiku hulali.

mdadisi_wa_lugha:
Duh hiyo ya ganda sikuijua. Na yule mwanasoka Kaká wa Brazil je, ni kaka yupi kati ya hawa?

Mzururaji:
Hakuna. Jina lake Ricardo, mdogo wake alikuwa hawezi kulitamka akawa anatoa hiyo "kaka", likaganda mpaka kwenye jezi.