Kibali cha kuingia hifadhini kwa vikundi vya kujitolea vinavyosaka waliopotea

Mpakani mwa Msitu: Assalamu alaykum. Sisi ni watu kumi na wawili wa shehia inayopakana na msitu mmoja wa hifadhi hapa Unguja, na mtu akipotea sheha hutuita sisi mwanzo. Karibuni hivi mzee wetu mmoja alikwenda kuokota kuni na magharibi ikaingia hajarudi. Baada ya isha tulifika getini na tochi, kamba na maji, lakini mlinzi akasema hana uwezo wa kuturuhusu mpaka apate idhini ya mkubwa wake, nayo ikaja alfajiri. Tulimkuta mzee saa mbili asubuhi, mguu umenasa katika ufa wa jiwe, ndara moja imeroa umande pembeni yake na sauti imemkauka kwa kuita. Mlinzi simlaumu. Nauliza: tutapataje ruhusa itakayokuwepo kabla mtu hajapotea?

Mkaazi wa Kusini: Wa alaykumu salaam. Sheria ya misitu Na. 10 ya 1996 inaipa jamii nafasi ya kufunga makubaliano ya usimamizi wa msitu na serikali, kwa hiyo kama shehia yenu tayari inayo makubaliano hayo, ombeni kiongezwe kifungu cha usakaji kinachotaja majina yenu, anayewaongoza, na mlinzi wa zamu mwenye mamlaka ya kuwafungulia usiku. Msikubali kuingia bila ya mlinzi. Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina kilomita za mraba 50 hivi tu, lakini humo mna msitu unaojaa maji wakati wa mvua, mawe ya matumbawe yenye mashimo yaliyofunikwa na vichaka, na mikoko ya Chwaka ambako maji yakijaa njia uliyopita huioni tena.

Mzanzibari Ughaibuni: Marekani walipitisha sheria ya jambo hili mwaka 2019, baada ya familia moja kungoja miezi 15 kabla ya kikundi cha kujitolea kuruhusiwa kuingia eneo la Lake Mead, ambako mwili wa ndugu yao ulipatikana kwa muda usiozidi saa mbili. Sasa kikundi hujibiwa ndani ya saa 48, na hakidaiwi bima kikitia saini kwamba hakitaidai serikali fidia.

Bi Mkubwa: Mwanangu, hayo ya fidia yachukueni, lakini saa 48 ni nyingi mno kwa mtu aliye hai na kiu, kwani wale walikuwa wakimtafuta maiti. Kwenu jibu litoke getini usiku huo huo, huku polisi na zimamoto wakiarifiwa. Nanyi fanyeni mazoezi mchana pamoja na walinzi, wawajue kwa sura, maana mlinzi anayekujua hakuchelei gizani.

Mpakani mwa Msitu: Ahsanteni sana. Orodha ya majina nitampelekea sheha Jumatatu, na mazoezi tutaomba yaanze kabla ya masika.