Maili 50,000 zina thamani gani hasa? Naomba njia sahihi ya kukokotoa

Mama Salim, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salaam. Nina maili 53,000, yaani pointi za kulipia tiketi, katika mpango wa wateja wa kudumu wa shirika moja la ndege la Ulaya, na mwezi Septemba ninatarajia kwenda Amsterdam kumtembelea mwanangu anayesoma huko. Tiketi ya kwenda na kurudi nikiinunua kwa fedha ni dola 870. Nikitumia maili, zinakatwa 50,000 na bado ninatakiwa kulipa dola 265 zinazoelezwa kuwa ni kodi na tozo.

Kuhusu thamani ya maili nimekuta hesabu zinazopishana sana. Wako wanaogawa nauli yote kwa idadi ya maili, na kwa njia hiyo kila maili yangu ingekuwa na thamani ya senti 1.74 za dola. Wengine hutumia wastani unaotangazwa na tovuti za Marekani, ambao sioni unahusianaje na mtu anayesafiri kutoka Dar. Naomba anayeifahamu hesabu hii anieleze hatua kwa hatua, kwa sababu maili hizi nimezikusanya kwa miaka mingi na nisingependa kuzitoa kwa bei ya kutupa.

Mhasibu wa Safari

Dada, hesabu ya kugawa nauli yote haifai, kwa kuwa inazihesabu zile dola 265 kana kwamba zimelipwa na maili, ilhali zinatoka mfukoni mwako. Maili zinakuokolea dola 605 tu, yaani 870 ukitoa 265. Ukigawa 605 kwa 50,000 unapata senti 1.21.

Hapo pia hujamaliza. Anayelipa fedha huvuna maili mpya, lakini anayesafiri kwa tiketi ya maili kwa kawaida havuni. Tuchukulie Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ambao mwanachama wa ngazi ya kwanza hupata maili 4 kwa kila yuro 1 ya nauli, kodi za serikali zikiwa zimeondolewa. Ikiwa sehemu inayohesabiwa katika tiketi yako ni takriban yuro 650, ungepata maili 2,600. Kwa hiyo kusafiri kwa maili kunakugharimu 50,000 unazotoa pamoja na 2,600 unazozikosa, na ukigawa 605 kwa 52,600 unabaki na senti 1.15.

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo ambalo watu wengi hulikwepa: kama usingekuwa na maili hata moja, ungenunua tiketi ipi? Kutoka Dar unaweza kufika Amsterdam kupitia Istanbul, Doha au Dubai. Iwapo kuna tiketi ya dola 760 kwa njia mojawapo kati ya hizo, na wewe kwa dhati ungeikubali, basi kipimo chako ni 760 na siyo 870. Maili zinakuwa zimekuokolea dola 495, sawa na senti 0.99 kwa kila maili. Iwapo usingeikubali kwa sababu ya kusubiri uwanjani usiku kucha, baki na 870. Uamuzi huo hakuna tovuti inayoweza kukufanyia, na ndiyo sababu wastani uliokokotolewa kwa nauli za soko la Marekani haukufai.

Binti Unguja, London

Ninakubaliana na Mhasibu, ila napenda kuongeza jambo linalotugusa sana sisi tunaoishi mbali na nyumbani. Thamani ya maili hubadilika kulingana na siku unayozihitaji. Msiba unapotokea, mtu hutafuta tiketi ya kesho au keshokutwa, na nauli ya fedha huwa imepanda vibaya. Tuseme imefika pauni 1,150, huku tiketi ya maili ikigharimu maili 60,000 na tozo za pauni 330. Tofauti ni pauni 820, sawa na takriban peni 1.37 kwa kila maili, na peni ni kubwa kuliko senti ya dola. Pale ambapo nauli ya kawaida ni pauni 620, maili hizohizo zingekuokolea pauni 290 tu, yaani chini ya nusu peni kila moja. Kwa sababu hiyo mimi huziweka akiba kwa ajili ya safari za dharura, ingawa kiti cha maili hakina uhakika wa kupatikana siku unayokitaka.

Pia, mama Salim, zitazame hizo tozo moja moja. Sehemu yake ni kodi halisi ya serikali au ya uwanja wa ndege, ambayo maili haziifuti. Hapa Uingereza, kwa mfano, abiria wa daraja la kawaida anayeondoka kwenda Nairobi au Dar alitozwa kodi ya pauni 90 katika mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025, isipokuwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Sehemu nyingine ni ada inayowekwa na shirika lenyewe, ambayo zamani ilielezwa kuwa ni ya mafuta, na hiyo hutofautiana sana kati ya shirika na shirika. Safari ileile ikiwa na ada ndogo, maili zako hupanda thamani bila wewe kufanya lolote.

Rubani Mstaafu

Mmesahau daraja la biashara, ambako maili huonesha nguvu zake. Tiketi ya dola 3,200 kwa maili 130,000 na tozo za dola 420 inakupa senti 2.14 kwa kila maili, karibu mara mbili ya mnazozitaja.

Mhasibu wa Safari

Mzee wangu, kwa heshima zote, hesabu hiyo inamfaa mtu ambaye kweli angetoa dola 3,200. Ikiwa msafiri asingelipia kiti hicho zaidi ya dola 1,400, faida anayoipata ni 1,400 ukitoa 420, yaani dola 980, na kila maili inashuka hadi senti 0.75.

Rubani Mstaafu

Hilo ni sahihi kwa kijana. Kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo, kulala katika safari ya usiku kuna thamani kubwa kuliko unavyodhani, naye anaweza kuipangia kiwango anachokiona kuwa cha haki. Ninachotaka nyote mkizingatie ni muda. Tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, mwaka 1981, shirika ndilo linalotoa maili na ndilo linaloamua zitanunua nini. Delta, shirika jingine la Marekani, iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015, na Flying Blue ikahamia kwenye bei zinazobadilika mwaka 2018. Mwanachama hana mahali pa kushtaki bei ikipanda. Tena maili zina ukomo: za Skywards, mpango wa shirika la Emirates, kwa kawaida hudumu miaka 3 na kumalizika mwishoni mwa mwezi aliozaliwa mwanachama. Maili ya kutumia miaka miwili ijayo ikadirie chini ya maili ya kutumia leo, na usinunue maili za ziada kwa senti 2 au 3 wakati matumizi yako yanakupa senti 1.

Mama Salim, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Nimeifanya hesabu upya kwa safari mbili badala ya moja. Ile ya dola 760 singeikubali, kwa hiyo safari yangu ya Septemba inanipa senti 1.15. Kisha nikatazama safari ya mwanangu kuja nyumbani wiki moja kabla ya Krismasi, ambayo mpango wangu unaniruhusu kuilipia kwa maili zangu. Nauli yake ya fedha ni dola 1,390, na kwa maili ni 52,000 pamoja na tozo za dola 280. Zinaokolewa dola 1,110, yaani senti 2.13 kwa kila maili. Nikiongeza maili ambazo zingevunwa kwa kulipa fedha, bado inabaki karibu na senti 2.

Tiketi yake nimeikata leo kwa maili, kwa kuwa bei ya tarehe za jirani ilikwisha kupanda. Yangu ya Septemba nitailipia fedha, na safari hiyo itaniongezea maili nyingine.