Mama presha imeanza baada ya hedhi kukata, ni kweli estrojeni (homoni ya kike) ndo ilikuwa inamlinda?

BintiMsambaa:
Wadau habarini za jioni. Mama yangu ana miaka 53, hajawahi kuwa na presha. Hedhi imekata miaka miwili sasa na tangu mwaka jana kila tukipima inakuja 150 kwa 95, usiku analowa jasho, kichwa kinagonga. Mdogo wake wa kiume moyo ulimsumbua akiwa na 46 tu, mama muda wote huo mzima kabisa. Sasa jirani mwenye duka la dawa anasema estrojeni imeisha mwilini, anunue vidonge vya homoni mishipa itarudi kama zamani. Naogopa kumpa mama kitu nisichokielewa, mwenye kujua anisaidie jamani.

NesiWaZamu:
Pole mdogo wangu. Jirani kwenye kulinda hajakosea, amekosea kwenye vidonge. Mshipa wa damu kwa ndani una utando mwembamba wa seli na hizo seli zina vipokezi vya estrojeni, ikishika pale zinatoa gesi ya naitriki oksaidi ambayo inaulegeza msuli wa mshipa, unatanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Waliogundua kazi ya hiyo gesi walipewa Nobel mwaka 1998. Tena estrojeni inazuia kolesteroli mbaya isipande, ndo maana kwa wastani ugonjwa wa moyo unawafikia wanawake kama miaka 7 hadi 10 nyuma ya wanaume, kama ulivyoona kwa mjomba wako. Hedhi ikikata mishipa inaanza kukakamaa. Ila umri, chumvi na uzito navyo vimo, usiibebeshe homoni mzigo wote.

Mdau_Muhimbili:
Niongezee hapo. Zamani madaktari wengi waliamini hivyohivyo, ukirudisha homoni umerudisha ulinzi. Marekani wakafanya utafiti mkubwa wa afya ya wanawake unaitwa WHI (Women's Health Initiative), wanawake zaidi ya 16,000 waliopewa estrojeni na projestini (homoni nyingine ya kike, ya kutengenezwa) au vidonge visivyo na dawa, wastani wa umri miaka 63. Mwaka 2002 wakausimamisha kabla ya muda wake maana waliokunywa homoni walipata zaidi kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti, na moyo haukulindwa. Baadaye ikaonekana muda una maana sana, mshipa ambao bado laini unanufaika na estrojeni lakini ulioshajaa mafuta ukutani haunufaiki, unaweza hata kudhurika. Halafu kidonge kinapita kwanza kwenye ini na ini linaongeza vitu vya kugandisha damu, ile ya kubandika kwenye ngozi haina shida hiyo kwa kiasi kile. Kwa hiyo homoni zipo na zinasaidia sana hayo majasho, lakini anaandika daktari baada ya kumpima, siyo za kushusha presha.

Kaka_Mkulima:
Na sisi wanaume je, kwa nini tusipewe hiyo estrojeni mapema?

Mdau_Muhimbili:
Mkuu walishajaribu, Marekani hukohuko, wanaume waliopona shambulio la moyo wakapewa estrojeni, dozi kubwa ikaachwa mwaka 1970 maana waliongezeka kupata shambulio lingine na damu kuganda. Na wewe estrojeni unayo tayari, mwili unaitengeneza kutoka kwenye testosteroni, ile homoni ya kiume, kidogo tu.

MamaWawili41:
Mimi nilitolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili (vile vifuko vya mayai, ndo vinatengeneza estrojeni) nikiwa na 41 sababu ya uvimbe. Hakuna aliyeniambia kwamba ukikosa estrojeni kabla ya 45 hatari ya moyo inapanda, nimekuja kujua presha imeshafika 160. Wanawake mnaoenda kufanyiwa upasuaji ulizeni ovari zinabaki au zinatoka, ulizeni kabla hamjasaini. Na BintiMsambaa, muulize mama kama alipata presha akiwa mjamzito, nayo inahesabika.

BintiMsambaa:
Asanteni sana yani. Nimemuuliza sasa hivi, kumbe mimba yangu mimi ndo alilazwa wiki tatu, presha juu, miguu na uso vimevimba, akajifungua kabla ya siku zake. Miaka 27 yote hakuna aliyemwambia awe anapima. Jumatatu nampeleka kliniki, nitaiandika hiyo kwenye karatasi kabisa ili nisisahau kumwambia daktari.