Mrejesho: matufaha ya karameli ya kutisha

Habari zenu tena. Niliuliza kwa nini karameli yangu nyeusi inateleza kwenye matufaha na kujikusanya chini. Mliosema tatizo ni nta ya kwenye ganda, mlikuwa sahihi kabisa! Safari hii nimeyachovya kwenye maji ya moto sekunde chache, nikayasugua kwa kitambaa, nikayaacha yakauke hadi kwenye kikonyo. Karameli nimeipika mpaka nyuzi 118 za Selsiasi, nikangoja mapovu yatulie. Imeshika vizuri mno! Utando wa buibui nimeuchora kwa chokoleti nyeupe, watoto hawaamini. Yaliyobaki nimeyaweka kwenye friji, maana tundu la kijiti cha kushikia tufaha hutoa maji ya tunda na bakteria huzaliana hapo. Asanteni sana.