Mjadala: Halmashauri zetu za Dar es Salaam zimtafute lini wakili wa nje?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji,

Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zina vitengo vyao vya sheria. Hata hivyo, mabishano hayaishi: wapo wanaotaka halmashauri zimlipe wakili wa nje, yaani wa kujitegemea, kila zinaposhtakiwa, na wapo wanaosema kufanya hivyo ni kutapanya fedha za wananchi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania mahali ambapo sheria imekwisha kutoa jibu.

Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilianzishwa mwaka 2018 ili kusimamia mashauri ya Serikali mahakamani. Mwaka 2020 Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ilirekebishwa, na tangu hapo anayetaka kuishtaki halmashauri hana budi kutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika kesi, la sivyo kesi yake haisimami. Kwa hiyo mahakamani tuna wa kututetea. Tunakoumia ni mezani, siku mkataba unapotiwa saini.

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya wafanyabiashara katika soko moja lililo chini ya halmashauri mojawapo ya mkoa huu. Wafanyabiashara walijenga fremu kwa fedha zao katika ardhi ya halmashauri, kwa makubaliano kwamba kila mmoja angetumia fremu yake hadi gharama zake zirudi, kisha aikabidhi. Ugomvi ulipoanza nilizishika nakala mbili za mkataba mmoja. Katika nakala ya mfanyabiashara, kwenye maneno "kwa kipindi cha miaka", nukta zilikuwa zimejazwa kwa kalamu ya wino wa bluu: 10. Katika nakala iliyokuwa kwenye jalada la halmashauri nukta zilibaki tupu. Pembeni ya ile kumi hapakuwa na saini ya mtu yeyote, ingawa muhuri wa halmashauri ulikuwa umegongwa katika kila ukurasa wa nakala zote mbili.

Aliyetakiwa kulishauri Baraza la Madiwani kuhusu kasoro hiyo ni mwanasheria yuleyule aliyeupekua mkataba huo kabla haujasainiwa. Alikuwa kijana mwadilifu, na sikuwahi kumtilia shaka. Lakini ni nani kati yetu angeandika kwa mkono wake, katika taarifa inayosomwa mbele ya mwajiri wake, kwamba kosa lilipita mikononi mwake?

Ndiyo maana nasema wakili wa nje atafutwe katika hali mbili tu. Kwanza, kabla ya kusaini mkataba unaofunga ardhi au mapato ya halmashauri kwa miaka mingi. Pili, pale ambapo jambo linalobishaniwa ni kazi ya mwanasheria mwenyewe au uamuzi wa Mkurugenzi, kwa kuwa Mkurugenzi ndiye katibu wa Baraza, na mwanasheria yuko chini yake.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimefanya kazi katika kitengo cha sheria cha halmashauri kwa miaka tisa, na naomba nikupinge kwa heshima. Wakili wa nje akija, jambo la kwanza analoomba ni jalada, na wa kulitafuta jalada ni sisi. Historia ya kiwanja haijui, aliyekuwepo kwenye kikao hamjui, na ada yake, ambayo mara nyingi hukokotolewa kwa kuangalia thamani ya jambo lenyewe, inatoka katika mapato ya ndani, yale yale tunayoyategemea kwa vyoo vya shule. Tena jicho la pili lipo. Chini ya kanuni za ununuzi za mwaka 2013 na marekebisho yake, mkataba wa ununuzi uliofikia shilingi bilioni 1 ulipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ili upekuliwe kabla ya kusainiwa. Na Baraza likiona kuna mgongano wa maslahi, sekretarieti ya mkoa ina wanasheria wake. Kama tatizo ni uchache wa watu, basi tuongezewe watu.

Mtoa mada

Nakushukuru, na kuhusu jalada umesema kweli tupu. Wakili mgeni asiyepewa kumbukumbu kamili atauza maoni ya juu juu kwa bei kubwa. Nakubali pia kwamba katika hali ile ya pili mkoa uwe mlango wa kwanza kubishwa, mradi jibu lije kwa maandishi na kabla ya kikao kinachofuata.

Hata hivyo, kiwango cha bilioni 1 hakigusi kabisa nililoliona. Katika soko letu mikataba ilizidi arobaini. Kila mmoja ulikuwa mdogo, tena haukuwa wa ununuzi bali wa kutumia ardhi, kwa hiyo hakuna hata mmoja uliowahi kufika mbele ya jicho la pili. Ukiijumlisha, ilifunga eneo zima la soko kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Kielelezo kimoja cha mkataba kingepitiwa na wakili wa nje mara moja tu, kwa ada isiyobadilika iliyokubaliwa kabla ya kazi kuanza, na zile nukta zingeonekana kabla ya kuchapishwa mara arobaini.

Wakili huyo apatikane kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, asiitwe kwa simu ya mtu. Maoni yake ayaelekeze kwa Baraza zima, na nakala ibaki kwenye jalada hata kama hayakumpendeza aliyeyaomba.

Kuhusu kuongezewa watu sina ubishi, ila ningependa utueleze jambo moja, kwa kuwa umekaa kwenye meza hiyo na mimi sijakaa. Mikataba ya namna hii ilipoletwa kwenu, mlikuwa mnapewa siku ngapi za kuisoma kabla ya kutakiwa kuirudisha?