Mrejesho: safari ya Moyale na ugonjwa wa Simba

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwauliza: niende Moyale kwa pikipiki, au nibaki hapa Mombasa na mbwa wangu Simba anayeumwa? Ahsanteni sana kwa ushauri.

Sijaenda. Daktari wa mifugo alimpima damu akakuta homa ya kupe, akampa doksisaiklini ya siku 28. Kidonge lazima kiende na chakula, la sivyo anatapika. Basi nakificha ndani ya tonge la ugali na dagaa, nakaa naye barazani mpaka ameze. Wiki ya kwanza fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Juzi nimemfunua mdomo, nikaona wekundu umerudi. Nililia, sioni haya kusema.

Mlionishauri nimwachie jirani mlikuwa na nia njema, ila Simba hakubali chakula kwa mkono wa mgeni.

Pikipiki nimeshaibadilishia oili na cheni. Dozi ikiisha na damu ikipimwa tena, nitaanza na Voi tu, kilomita kama 150, nilale usiku mmoja nirudi. Dada yangu wa Likoni anakuja jioni kumlisha, ili amzoee. Jana alikubali matonge mawili.